Toyota Altezza ya zamani mkononi, hela kidogo mfukoni: uanzie wapi kuibadilisha

Naulizwa sana siku hizi, "kaka na mi nimepata Altezza, nianze na nini?", na mtu akiuliza hivyo ujue jibu analo tayari kichwani, anachotaka ni umwambie tu anza na ekzosi apate amani ya moyo. Sasa naandika yote hapa mara moja, maana kuelezea kijiweni kila jioni kahawa inanipoa.

Nisiwafiche, langu ni namba B, RS200 nyeupe, nililinunua hapa hapa Tanga kwa mtu aliyekuwa analilaza Raskazone karibu kabisa na bahari (hilo la bahari litarudi, tulia). Kosa la kwanza nililifanya ndani ya wiki mbili: nilikata springi. Fundi mmoja, wala simtaji, akaniambia "hapa tunatoa koili moja na nusu tu, linakaa kama yale ya Japan", grainda ikalia, cheche zikaruka, nikapiga picha, nikaposti, watu wakamwaga moto. Usiku ule ule natoka Chumbageni naenda Mikanjuni nikafika kwenye tuta, tuta la kawaida tu ambalo bodaboda anapita na abiria wawili na ndoo ya samaki, nikasikia krrrr chini. Nikashuka na tochi ya simu. Oili inadondoka tone, tone, tone, kama koki ya msikitini ambayo mtu kaiacha hajaikaza. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, imepasuka. Nikakaa pale pembeni ya barabara nasubiri wa kunivuta, nikajiuliza, hivi mi nimelishusha hili gari ili niende nalo wapi?

Hilo swali ndo nilitakiwa kuanza nalo na ndo nakupa wewe bure. Kabla hujachagua spea, chagua barabara. Yani ile unayopita kweli, achana na ya kwenye video za wajapani wanaoteleza milimani usiku.

Ila kwanza jua una gari gani, maana utashangaa watu wangapi hawajui. Altezza zilitengenezwa kuanzia 1998 mpaka 2005, kule Ulaya ziliuzwa kwa jina la Lexus IS200, na ilipotoka tu ikabeba tuzo ya gari la mwaka la Japan ya 1998-1999. Zinasukumwa na tairi za nyuma, na chini zina saspensheni ya mikono miwili juu na chini kwa tairi zote nne, kitu ambacho magari mengi ya bei hiyo hayana. Sasa chukua kadi ya gari soma namba ya chesisi. Ikianza na SXE10 una RS200 kama langu, injini yake inaitwa Beams, 3S-GE silinda nne lita 2.0, ya manyuo ina hosipawa 210 na ya oto ina 200. Ikianza na GXE10 una 1G-FE, silinda sita za mstari, lita 2.0 pia ila hosipawa ni 160, tamu kuendesha, laini, lakini usije ukabishana na mtu pale Kange. Kama lako ni Mark II, Celica au RX-8 endelea kusoma tu, namba zitabadilika lakini akili ni ile ile.

Haya turudi barabarani. Weka daftari kwenye deshibodi, la shule lile la bei rahisi, na kwa mwezi mzima usibadilishe chochote, andika tu kila safari umeenda wapi na nini kilikuudhi. Mi nilifanya hivyo baada ya ile sampu kuungwa, na matokeo yalinitia aibu: safari zaidi ya 30 zote za mjini, Chumbageni, Ngamiani, Majani Mapana, upepo wa jioni Raskazone, tatu za Muheza na moja tu ya Lushoto. Na kilichoniudhi sijaandika "halina nguvu" hata mara moja. Nimeandika "linagonga mbele kulia kwenye shimo", "steringi inavuta kushoto", "breki inazama kidogo ukishuka Soni", "gari linanuka oili". Sasa mtu mwenye orodha hiyo akanunue ekzosi ya nini.

Kwa hapa kwetu naona barabara ziko za aina tatu na kila moja inataka gari lake. Kuna mjini, ambako ni matuta, mashimo, bajaji, baiskeli za wazee wetu ambao hawageuki nyuma hata upige honi ya meli, na spidi ya kisheria kwenye makazi ni 50. Kuna Tanga kwenda Segera, lami ndefu, malori, trafiki na tochi zao za kupima spidi, huko gari linataka kutulia, kumulika vizuri na kusimama pale unapotaka. Halafu kuna Mombo kupanda Soni mpaka Lushoto, kilomita 30 na ushee za kona juu ya kona, unapanda karibu mita 1,000, upande mmoja jiwe upande mwingine korongo, na hiyo kwangu ndo barabara tamu kuliko zote mkoa huu, lakini pia ndo ile isiyosamehe. Mtu anayetaka kupaki Raskazone apigwe picha naye ana barabara yake, simcheki, anataka rangi na rimu na mziki na ana haki yake. Ubaya ni kutaka barabara zote hizo kwenye gari moja kwa hela ya moja.

Sasa umeshajua barabara. Bado usinunue kitu. Gari la miaka 20 na zaidi halina ile nguvu iliyoandikwa kwenye makaratasi, limeiacha njiani kidogo kidogo, na kazi ya kwanza ni kuirudisha, na mara nyingi ukimaliza kuirudisha hamu ya kuongeza inapungua yenyewe. Mi hatua hii ilinichukua miezi minne na nitaielezea kwa kirefu maana watu wanairuka.

Anza na kutu. Sisi ni watu wa pwani, chumvi iko kwenye hewa, gari likilala karibu na bahari linaliwa usiku na mchana hata kama halijawahi kugusa maji. Lala chini na bisibisi bapa na taa, pita kwenye kingo za chini ya milango, sehemu za kuingiza jeki, ndani ya matao ya tairi za nyuma, na pale saspensheni inapofungwa kwenye bodi, uwe unagonga na kuchoma taratibu. Chuma kizima kinalia ting, chuma kilichokufa kinasema puf na bisibisi inaingia. Langu upande wa kushoto nyuma bisibisi iliingia mpaka kwenye mpini. Juu yake kulikuwa na rangi safi inang'aa, ukiangalia kwa nje unaapa gari zima. Hapo ukatwe ule ubovu, uchomelewe bati jipya, upakwe dawa ya kutu, halafu ndo mambo mengine. Na ikiwa kutu imefika kwenye miguu ya chesisi yenyewe, ndugu yangu, uza kwa spea tafuta bodi nyingine, sikutishi. Kuna wanaopaka oili chafu chini ya gari, wazee walikuwa wanafanya hivyo, lakini oili inakula bushi zote za mpira na ikidondoka inachafua, tumia dawa ya nta ya chini ya gari na uoshe chini kwa maji yasiyo na chumvi kila ukitoka upande wa bahari.

Halafu joto. Hili lina hadithi yake. Nimepeleka gari Ngamiani kwa mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, anafanyia kazi chini ya mwembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hili dude umelitoa wapi?"

"Nimelinunua hapa hapa mzee. Mshale wa joto unapanda mjini, nikitoka barabara kubwa unashuka hadi chini kabisa."

Akacheka. Akafungua bomba la rejeta, akaingiza kidole. "Termostati hamna humu. Wameshaitoa."

"Si wanasema huku kwetu joto, haina kazi?"

"Wanasema. Kwani Japan hakuna kiangazi?"

Nimeikumbuka hiyo mpaka leo. Termostati ni kile kimlango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ikitolewa maji yanazunguka muda wote, ukiwa kwenye mwendo injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado asubuhi inaendelea kumwaga petroli nyingi, gari linakula mafuta na linakuwa zito. Na mjini linachemka vile vile kwa sababu tatizo halisi lilikuwa rejeta imeziba na feni haizunguki vizuri, sasa wakaficha ugonjwa wakaongeza mwingine. Rudisha termostati ya saizi yake, rejeta ioshwe au ibadilishwe, weka kulanti iliyochanganywa sawasawa, maji ya bomba peke yake yanajaza kutu na magamba. Gasketi ya hedi ikiungua kwa ajili ya kifuniko cha rejeta kilichochoka utalia, na kifuniko ni bei ya chipsi.

Mkanda wa taimingi: injini zote mbili za Altezza zinatumia mkanda na Toyota wanataka ubadilishwe kila kilomita 100,000. Aliyekuuzia akisema "nilibadilisha" mwombe risiti, hana risiti hajabadilisha. Fanya pamoja na pampu ya maji na sili, mkono unaingia pale pale.

Pima kompresheni ya silinda zote, fundi yeyote makini ana kile kisaa cha kufunga sehemu ya plagi. Usihangaike sana na namba moja moja, angalia kama zinalingana, moja ikiwa chini sana kuliko wenzake basi ndoto zote za nguvu ziweke pembeni.

Chini ya mbele kuna boljointi za mkono wa chini, ni ugonjwa unaojulikana wa haya magari. Ikichomoka tairi inalala upande na gari linakaa chini kama ngamia. Tikisa, sikiliza, na ukibadilisha usichukue ile ya bei ya kutupa. Bushi, stabilaiza linki, tairodi, zote hizo zikiwa nzima halafu ukafanya alaimenti utaendesha utadhani umenunua gari lingine, mi nilishuka nikalizunguka mara mbili. Ile "steringi inavuta kushoto" ilikuwa bushi moja tu imepasuka.

Tairi sasa. Ubavuni kuna herufi DOT na mwishoni tarakimu nne, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Huku tunauziwa tairi za mtumba zina kashata (ile michirizi) bado za kutosha lakini mpira umeshakuwa mkavu kama gamba la mnazi, kwenye mvua ya masika zinateleza kama umevaa kandambili kwenye sabuni. Ukiniuliza hela ya kwanza kabisa ya kuongeza uwezo wa gari iende wapi, nitakwambia tairi nne mpya zinazofanana. Nne. Sio mbili mpya nyuma na mbili za "nitabadilisha mwezi ujao".

Breki nazo zina siri ndogo: mafuta ya breki yanavuta unyevu kwenye hewa, na unyevu tunao. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 (hii si ile DOT ya tairi) yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205, yakishanyonya maji yanachemka kwenye 140. DOT 4 inaanza 230 na ikinyonya maji inabaki 155. Ukishuka Lushoto mguu uko kwenye breki njia nzima, mafuta yanachemka, yanatoa mapovu, na pedali inazama hadi chini, hiyo ndo "breki inazama kidogo" niliyoandika kwenye daftari. Badilisha kila miaka miwili, na mteremko ushuke na gia ile ile ambayo ungepandia.

Umemaliza hapo? Vizuri, sasa ndo tunaongea kubadilisha, na daftari liko mkononi.

Kama barabara yako ni mjini, mi ningekushauri kitu ambacho vijana hawapendi kusikia: shuka saizi ya rimu. Altezza nyingi zimekuja na 215/45 rimu ya 17. Piga hesabu, asilimia 45 ya 215 ni milimita 97, huo ndo unene wa ukuta wa tairi kati ya rimu yako na shimo la barabarani. Ukiweka 205/55 rimu ya 16 ukuta unakuwa milimita 113 na urefu wa tairi zima unabaki karibu ule ule, kutoka 625 kwenda 632, spidomita haikudanganyi. Ukienda rimu ya 18 na 225/40 ukuta ni 90. Milimita 7 zinasikika ndogo mpaka siku rimu inapinda. Matundu ya nati ni matano kwa 114.3, hiyo inaingiliana na magari kibao ya Toyota na Nissan, lakini tundu la katikati la Altezza ni 60.1 kwa hiyo rimu ya Nissan inaweza kuwa na nafasi, weka ringi za kuziba la sivyo linatetemeka. Na kabla hujalipa, ijaribu ile rimu kwenye mguu wa mbele uone inapita kwenye kalipa. Muuzaji akikataa usiijaribu, kuna sababu.

Kushusha gari simkatazi mtu tena baada ya mimi mwenyewe kuungua, ila pima. Chukua rula, pima kutoka chini hadi sampu, halafu nenda kwenye tuta baya kuliko yote unayopita kila siku, lipime na lenyewe, usiku usiku watu wasikushangae. Hiyo tofauti ndo bajeti yako ya kushuka, na toa nyingine kwa ajili ya abiria watatu nyuma na gunia la machungwa ya Muheza. Springi ya kukatwa imekuwa fupi tu, shokapu inafanya kazi mahali ambapo haikutengenezwa kufanya, inakufa. Springi fupi za kiwandani pamoja na shokapu mpya zinazoendana nazo ni sawa. Koilova (shokapu na springi pamoja, za kupandisha na kushusha kwa kuzungusha) za bei rahisi za mtumba zenye kutu kwenye nyuzi, ambazo hata haziwezi kuzungushwa tena, hizo ni mapambo.

Kwa mtu wa Lushoto na Segera mi ningeweka hela kwenye shokapu nzuri, breki pedi za ubora na mabomba mapya ya breki, taa zinazomulika kwa usahihi (zile balbu nyeupe za kumpofusha mwenye lori hazikusaidii kuona, zinasaidia lori lisikuone vizuri), na kiti ambacho hakikuumizi mgongo. Naona mnasinzia. Haya tuje kwenye ekzosi na nguvu.

Ekzosi ya kelele haiongezi nguvu, inaongeza kelele. Beams ya manyuo inatoa zile hosipawa 210 kwenye mzunguko wa 7,600 kwa dakika, na nakuapia mjini Tanga hufiki huko labda unakimbiza mwizi. Bomba kubwa kupita kiasi linakuibia ile nguvu ya chini ambayo ndo unayoitumia kwenye tuta na bajaji. Ukitaka sauti weka mafla moja nzuri ya nyuma, ya pili iache, na ya zamani iweke stoo. Filta ya hewa ya uyoga nayo ile inayokaa wazi ndani ya boneti inavuta hewa ya moto inayotoka kwenye rejeta, na joto letu hili na unyevu unapoteza nguvu huku unasikia mvumo mzuri unadhani umepata. Boksi la kiwandani linavuta hewa kutoka nje upande wa fenda, wale wahandisi walijua. Filta mpya ya kawaida inakutosha.

Turbo kwenye Beams? Ile injini ina kompresheni ya 11.5 kwa 1 na kwao Japan inanyweshwa petroli ya oktani ya juu. Kuongeza turbo bila kubadilisha pistoni na bila mtu wa kuandika upya kompyuta ni kutengeneza bomu la mkono. Hapa Tanga wa kufunga turbo utampata, wa kuipangia mafuta vizuri utamtafuta.

Kubadilisha injini ndo ndoto ya kila mtu, 1JZ-GTE, lita 2.5 yenye turbo, hosipawa 280 toka kiwandani, na sisemi haiwezekani, inaingia. Lakini injini yenyewe ndo sehemu ya bei ndogo. Inafuata giaboksi yake, propela shafti ya kukatwa na kubalansiwa, kompyuta, waya ambao mtu kaukata kule kwenye hafukati (gari lililokatwa nusu kuuzwa kwa spea) bila huruma, rejeta kubwa, pampu ya mafuta, difu, breki kubwa kwa sababu sasa unakimbia, na kodi ya fremu ambako gari limekaa miezi 14 bila kutembea. Mnayajua hayo magari, yako nyuma ya gereji hapa mjini zaidi ya moja, boneti wazi, kuku wanatagia ndani. Mwenye GXE10 anayetaka nguvu kwa amani ningemwambia atazame 2JZ-GE isiyo na turbo, lita 3.0 hosipawa kama 220, kwa sababu Toyota wenyewe waliiweka kwenye Altezza Gita AS300 (Gita ni Altezza ya stesheni wagon) kuanzia 2001, maana yake vishikio, sampu na waya wa bodi hii hii vipo duniani na huhitaji kubuni. Ukiwa na nafasi ya kununua Gita AS300 lenyewe badala ya kuhamisha, nunua hilo.

Na makaratasi, tafadhali. Kadi ya gari ina namba ya injini na ina rangi, ukibadilisha kimojawapo nenda TRA kadi irekebishwe, usisubiri siku umesimamishwa Segera askari anafungua boneti anasoma namba, anakuangalia, anasoma tena. Bima nayo waambie kabla, hasa kama umekata bima kubwa, maana siku ya ajali wao ndo watakuwa wasomaji wazuri wa kadi kuliko wote. Na kizima moto cha kweli, kilichojazwa, kiwe mahali ambapo mkono unafika ukiwa umefunga mkanda.

Kuhusu hela, mi nina njia moja tu. Hesabu ulizonazo kweli, sio unazotegemea kwenye mchezo wa mwezi wa tatu. Tuseme una milioni sita. Tatu na nusu zote ni za kurudisha afya, moja na nusu ya vile vitu vya barabara uliyochagua, na milioni inayobaki haiguswi, hiyo ni ya kile kitakachokatika wakati unafungua kingine, maana boliti ya pwani haifunguki bila kuvunjika. Milioni ikibaki mpaka mwisho, sawa, nunua hata mafla yako. Na badilisha kitu kimoja, endesha wiki mbili, andika kwenye daftari, halafu kingine. Ukibadilisha shokapu, rimu na bushi siku moja na gari likaanza kutetemeka utamlaumu nani?

Kila ulichotoa kitunze. Mi nina kreti mbili chini ya kitanda, shemeji yenu keshachoka kuongea, shokapu za zamani, boksi la hewa, nati zake kwenye chupa ya maji yenye karatasi ya jina. Bampa ya mbele ya Japan na sketi za pembeni usitupe hata kama umeweka bodi kit (bampa na sketi za mapambo), za mtumba nzima hazipatikani tena kirahisi na gari la miaka hii likibaki kama lilivyotoka linatafutwa. Chochote kinachohitaji kukata bodi, kama matao ya tairi, kitoboe kichwani kwako mara tatu kwanza.

Langu sa hivi lina springi zake za kiwandani, nilizipata kwenye Altezza moja iliyokufa ajali, shokapu mpya, rimu 16 ambazo washkaji wanaziita za teksi, DOT 4, termostati ya yule mzee, na mlio wake ule ule wa kimya kimya. Kimebaki kitu kimoja, bushi za nyuma, zinakuja na basi kesho kutwa. Zikifungwa natoka saa kumi na moja alfajiri kabla malori hayajaamka, Muheza, Korogwe, Mombo napiga chai, halafu napanda. Kurasa za daftari zimebaki mbili.